Intavyuu ya pasi ya kuvuka daraja: mimi nilisema naenda kutembea

Wakuu wa bweni, asalaam aleikum. Najua ubao huu mimi huujaza upuuzi. Leo ni kweli tupu, na mkigundua nimeongeza chumvi mninyime uji wiki nzima.

Wengi mnataka kuomba pasi likizo hii. Tangu vita vianze, bila pasi huvuki daraja la Tana. Basi msikilizeni aliyevuka.

Hooyo, mama yangu, alipasuliwa tumbo Nairobi. Alipelekwa na landrova ya hospitali akiwa hajitambui, nani angekumbuka karatasi?

Mwezi ukapita, barua ikaja: amepona, njooni mumchukue. Baba yuko na ngamia huko Wajir, hapatikani. Nikabaki mimi.

Abti, yaani mjomba wangu, akanifundisha. "Mama usimtaje kabisa. Watauliza alitoka na pasi gani. Sema unaenda kutembea tu."

Nikaona mzee ana akili.

Siku ya kwanza nilipanga foleni juani mpaka ofisi ikafungwa. Ya pili vilevile. Ya tatu nikaitwa, nimechoka hata utani umenikauka, na mnanijua.

Karani akasema taja majina. Nikaanza: langu, la baba, la babu... Nilipofika babu wa saba akaweka kalamu chini.

"Kijana, mstari ni mmoja."

Sasa sisi jina linaishia wapi? Jueni mapema, wanataka matatu.

Kisha afisa mwenyewe.

"Nairobi unaenda kufanya nini?"

"Kutembea, bwana mkubwa."

"Kutembea! Watu wanazikana huku, wewe unaenda kutazama magorofa?"

"Nasikia ni marefu."

Askari wa mlangoni alicheka. Afisa hakucheka.

"Na nini kitakurudisha?"

"Mbuzi sita na mtihani."

"Mtihani ndio unaoukimbia."

Akagonga muhuri. Kutembea, siku saba, mtu mmoja. Nilitoka pale najiona waziri.

Magorofa yenyewe sikuyatazama. Nilimchukua Hooyo, amekonda, anatembea kashika ubavu, tukapanda lori la kurudi. Vumbi, jua, kila kizuizi shukeni, pandeni.

Kwenye daraja askari akasoma pasi, akamtazama.

"Na huyu?"

"Mama yangu."

"Hapa imeandikwa mtu mmoja, kutembea. Mama hayumo."

Nikamweleza yote: hospitali, landrova, kidonda. Alisikiliza vizuri, tena kwa huruma. Halafu akasema, "Hayo ungeyasema ofisini."

Nikavuka peke yangu.

Abti naye sasa anasema eti yeye alikuwa anatoa maoni tu.

Fundisho langu, wakuu: ukiulizwa unaenda kufanya nini, sema unachoenda kufanya. Labda wangenikatalia. Labda wangeandika "na mama". Sasa sitajua. Pia nendeni na maji, foleni haina kivuli.

Jumatatu narudi kupanga tena. Anayejua jinsi ya kumwombea pasi mtu aliye ng'ambo aandike hapa chini kwa penseli. Wa utani asubiri, hata mimi nimesubiri.

Hooyo amehifadhiwa na watu upande ule wa mto. Jana alasiri nilienda ukingoni nikamwona, akaniona. Nilidhani atalia. Akapaza sauti juu ya maji yote yale, kuniuliza kama nimekula.