Viwavi wa Shamba la Pamba

Mke wangu akikaanga kitunguu saumu, natoka nje. Ile dawa ya pamba ilinuka hivyo hivyo. Muzungu wa kilimo, Mungu asimupe pumziko, alituamuru tuipulize shambani Alunguli, yeye kitambaa puani. “Inaua wadudu tu,” alisema.

Kesho yake viwavi wa kula walikuwa wametapakaa chini ya miti ya kando ya shamba. Mama akacheka: “Leo hakuna kupanda muti!” Akawakaanga, akaanza kula yeye, maana kwetu mupishi njo anatangulia, watoto wajue hakuna sumu. Mate yakamtoka kama povu, mikono ikatetemeka, akaanguka kando ya moto, sahani yangu ingali mkononi mwake.

Tuliporudi kutoka kumzika, muzungu alikuwa mlangoni. Aliuliza nani atapalilia pamba ya mama.