Nyota za Karafuu Kwenye Kiti cha Baba

Mama hakuwa mtu wa mapambo. Noeli zote za utoto wetu alitundika utepe mmoja wa dukani juu ya mlango, basi. Kwa hiyo siku nilipomkuta anatwanga karafuu kwenye kinu, pembeni bakuli la unga wa ngano na chumvi, nilijua mara moja anapambana na nini.

Mguu wa baba ulikuwa unaoza. Sukari ilianzia kidoleni, ikapanda. Daktari alishasema ukatwe haraka, na baba, mstaafu wa reli asiyependa kusukumwa, akajibu kwamba watamkata Noeli ikipita. Siku ya Noeli kaka yake na wanaume wa kwaya huja kula kwetu, hapa mtaa wa Kenya, Lubumbashi, naye alitaka kukaa nao sebuleni akiwa mzima. Tatizo lilikuwa harufu. Kanisani watu wa benchi lake walikuwa wakihamia nyuma mmoja mmoja, kwa adabu sana, kana kwamba wamemwona ndugu yao huko.

Nilimwambia mama ampeleke hospitali hata kwa nguvu. Akaniuliza kama ni mimi nitakayembeba akipiga kelele, kisha akanisogezea bakuli nikande.

Unga, nusu yake chumvi, maji kidogo, halafu mdalasini mpaka donge likawa na rangi ya tofali. Karafuu alitia bila kupima. Tulikata nyota kwa kisu, tukazitoboa kwa kijiti cha kiberiti, tukazikausha juu ya mbabula, jiko letu la makaa, moto ukiwa karibu kufa, kisha tukazitundika sebuleni kwa uzi. Lakini Desemba ya Lubumbashi ni mvua tupu, na chumvi hunywa unyevu. Asubuhi nyota zilikuwa zinatoa jasho, nyingine zimelainika na kuanguka. Mama alizirudisha motoni. Tukawa tunafanya hivyo kila siku, na kila mara donge jipya lilipata karafuu zaidi, maana mguu nao haukungoja. Niliichukia harufu ile tamu iliyokalia nyingine. Chakula kilinishinda.

Noeli ikafika, wageni wakaja. Nyota nyingi mama alizifunga kuzunguka kiti cha baba, kwenye mgongo na mikono ya kiti, akamfunika baba blanketi magotini. Wakala bukari, ugali wetu, na kuku, wakaimba. Baba mkubwa akasifu nyumba inavyonukia, akavuta kiti chake kikagusana na cha baba. Baba alicheka siku ile mpaka akakohoa. Mama alisimama mlangoni muda wote, hakula.

Wageni walipotoka, baba alikata nyota moja kwenye uzi wake, akainusa.

"Harufu yangu niko naijua," akatuambia. "Leo hakuna muntu alihama. Sasa munipeleke, bakate."

Kesho yake tukampeleka. Daktari alipofungua bendeji akauliza tuliwezaje kuishi na harufu ile bila kumleta. Walikata juu ya goti, lakini sumu ilishaingia kwenye damu, na baba hakuuona mwaka mpya.

Tukiwa bado kwenye kilio, nilimkuta mama peke yake jikoni anaosha sahani za waombolezaji, hasira zikanipanda. Nilimwambia angeacha mguu unuke, aibu ingempeleka baba hospitali mapema, na leo angekuwa hai. Nilisema mengi. Aliniacha nikamaliza.

"Bantu bote balimuhama," akasema. "Hata miye. Nilikuwa nalala chini ku sebule, namudanganya eti ni juu ya joto. Nilitaka siku moja tu akae na bantu."

Akaendelea kuosha. Hasira haikuniisha, na haijaisha hadi leo, ila nilichukua kitambaa nikaanza kufuta sahani alizonipa.