Walivyocheka Kibandani

Harufu ya petroli ya jenereta ikinipata, nakumbuka kibanda cha video pale Zinga, na mtafsiri akiigiza sauti za matapeli wawili wa kike kwenye filamu. Walitukanana mbele ya bwana tajiri. Yule aliyelia akaonewa huruma, akakabidhiwa mkufu autunze. Kumbe lao moja!

Shangazi alikaa kulia kwangu, mama mdogo kushoto. Walikuwa hawasalimiani, ila walicheka pamoja mpaka machozi. Nami nilicheka. Nikamwona yule bwana mjinga kweli.

Mama alipofariki, wakagombea kunitunzia herini zake za dhahabu.

"Usimpe huyo mwizi!" shangazi akafoka.

Mama mdogo akaangua kilio. "Wallahi mwanangu, mimi nile cha marehemu dada yangu?"

Nikampa yeye.

Sikuziona tena. Idi iliyofuata walikuja wameshikana mikono, wamevaa magauni mapya ya sare.

Waliniibia wote wawili, nasema wazi. Ninachotaka kujua ni hiki tu: walijifunza pale kibandani, au walicheka vile kwa sababu walikuwa wanajiona wenyewe kwenye filamu ile?