Tepu ya Wifi

Nina wivu, sikatai. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Miaka yote nimeshona mapazia na mama yangu, nikisubiri siku atakayonikabidhi mkasi wake, maana dukani kwetu anayekata ndiye mkubwa. Macho ya Mama yalipoanza kufifia, nikajua zamu yangu imefika. Ndipo kaka yangu akaoa.

Wifi yangu ni mtu wa kawaida kabisa. Mwembamba, mpole, akicheka huziba mdomo, na chai hainywi mpaka ipoe. Hata cherehani kaijulia kwetu. Lakini wiki ya kwanza tu alimsikia Mama akirudia kanuni yetu: pima dirisha, zidisha kwa mbili ili pazia lipate mikunjo, kisha ongeza sentimita ishirini za pindo.

"Mama, dirisha tuliite eksi," akasema. "Hatua mbili zinakuwa moja: mbili eksi jumlisha ishirini. Ila usianze na pindo. Ukiongeza kwanza ndipo uzidishe, pindo nalo linakuwa mara mbili."

Eksi! Mimi mwalimu aliniwekea eksi nyingi tu, na hakuna aliyenisifu. Mama alifurahi utadhani kapewa macho mapya. "Mkwe wangu ana kichwa!" Na mimi je, nimebeba boga?

Basi akachukua tepu kuukuu, akaiandikia namba mpya kwa wino mwekundu. Ukiinyoosha dirishani, inakutajia urefu wa kitambaa cha kukata, hesabu imekwisha. Mama akaitangaza kwa kila mteja. Mimi sikuuliza inasomwaje. Nimwulize yeye? Thubutu!

Juzi Wifi ametoka na Mama kununua uzi, nikaiiba ile tepu nikapime kwa mteja mwenye madirisha mawili yanayolingana. Nilitaka nione itakavyomwaibisha. Dirisha la kwanza likasoma mia mbili na ishirini. Nikarudi dukani, na kwa mazoea nikazidisha kwa mbili, nikaongeza ishirini, nikakata mia nne na sitini. Nageukia la pili, kitambaa hakitoshi!

Mara wakaingia. Wifi akatazama kitambaa, akatazama tepu mezani.

"Umelipitisha dirisha kwenye kanuni mara mbili, wifi," akaninong'oneza. "Imekuwa nne eksi na sitini."

Akakipima upya, akatia alama ya chaki: vipande viwili vya mia mbili na ishirini, na ishirini ikabaki pembeni. Mama akapapasa alama zile.

"Madirisha yote mawili kwa mpigo mmoja, na kitambaa cha kufungia pazia kimebaki! Nani kawaza hivi?"

Alikuwa ameshamgeukia mkwe wake. Roho iliniuma, jamani!

"Mimi!" nikapayuka.

Wifi akaziba mdomo, akacheka. Mama akanikabidhi mkasi papo hapo.

Leo asubuhi kaja mteja wa madirisha matatu. "Kata kwa mpigo kama juzi, mwanangu," Mama akasema, akavuta kiti asikilize mkasi ukilia. Nikaushika tu, sijui pa kuanzia. Wifi alikuwa anapiga pasi, katulia, hana hata habari na mkasi, na hapo nikamwonea wivu kuliko siku zote. Lakini mficha uchi hazai. Nikamsogelea.

"Wifi," nikamwambia kwa sauti ya chini, "hiyo tepu inasomwaje?"