Ndevu za Kilio cha Baba

Asubuhi moja ya mwezi wa saba, mwanangu, haijanitoka mpaka leo. Ilikuwa baridi ile kavu ya kwetu, mji ukiitwa bado Élisabethville, na moshi wa tanuri la shaba ulikuwa umelala juu ya mapaa ya mtaa wetu wa Kenia kama mtu asiyetaka kuamka. Nilikuwa kijana, na kidevu changu kilikuwa hakijaguswa na wembe hata mara moja. Ndevu zilipoanza kuota, baba alizichekea akasema, "Ngoja zijae kidogo, mi mwenyewe nitakufundisha." Hazikuwahi kujaa. Baba aliugua kifua majira ya mvua yakiisha, tukamzika.

Sasa nikueleze desturi yetu, maana wewe umezaliwa mbali nayo. Baba alikuwa wa ukoo wa Mamba. Kwetu kila ukoo una ukoo mwenzake wa kutaniana nao, na Mamba wenzao ni Samaki. Mtani wa namna hiyo tunamwita munungwe. Anaweza kukutukana sokoni mbele ya wakwe zako, nawe ukacheka. Lakini msiba ukiingia, huyohuyo anashika jembe la kaburi, na mwisho wa yote huyohuyo anawanyoa wafiwa ili kilio kiishe. Kabla hajaja na wembe wake, mjane anabaki na kitambaa chake cheusi, na mtoto wa kiume hagusi ndevu.

Maziko ya baba walisaidia watu wa ukoo wa Samaki waliokuwa mjini. Wa kumaliza kilio, baba alikuwa amemtaja mwenyewe akiwa kitandani: Tata Mwansa, yaani mzee Mwansa, mtu wa Samaki aliyefanya naye kazi kwenye tanuri wakiwa vijana, kisha akarudi kwao Kilwa, si ile ya pwani, kuvua samaki katika ziwa Mweru. Tulimpelekea habari. Akajibu kwamba anakuja na kamio, lori la wachuuzi wa samaki. Basi tukangoja.

Katikati ya kungoja huko ikaja bahati. Nilikuwa nimesoma kwa mapadri, na karani mkuu wa stesheni ya reli alinikubali nijifunze kazi ofisini. Kiti kilikuwa karibu na dirisha, nilikiona kwa macho yangu. Akanitazama kidevu, akasema kwa upole, "Njoo siku ya kwanza, Jumatatu asubuhi, mbele king'ora ya kiwanda ilie. Na uso usafishwe. Muzungu hapendi ndevu, na kuko mwingine anangoja hii nafasi."

Hapo ndipo nilipobanwa, mwanangu. Jumamosi ikafika, Tata Mwansa hajaonekana. Rafiki yangu Polo, fundi wa baiskeli, alikuwa amenunua wembe wa kisasa wa kubadilisha makali, akanichukua hadi uani kwao.

"Weye unangoja samaki apande kamio?" alisema Polo. "Ile njia ya Kilwa, hata mbuzi inaiogopa."

Nikakaa juu ya kreti. Akanipaka sabuni ya kufulia kwa maji baridi, shavu moja, likaanza kuwasha. Alikuwa anainua wembe baba mdogo alipopita njiani na kuniona. Hakupiga kelele. Alisimama pale akiwa ameshika kofia yake.

"Ile ndevu haiko yako," aliniambia. "Iko ya baba yako."

"Na kazi, baba mudogo?"

"Kazi iko mingi."

"Haiko mingi."

Akafikiri kidogo, maana hakuwa mtu wa kusema uongo. "Bon, iko kidogo. Lakini baba alikuwa moja tu. Ukikata leo, mama yako atavaa kile kitambaa sababu ya nini? Sababu ya muntu mwenye mutoto yake alishamusahau?"

Wazee walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi siku ile sikuogopa kuvunjika. Nilimwona mama tu, amekaa mlangoni na kitambaa chake, akiangalia njia ya sokoni. Nikanawa sabuni ile kwenye bomba. Polo akautia wembe wake mfukoni, akanipa taulo.

Jumapili ikapita vilevile. Nilijua ninachokipoteza, mwanangu, sitakuficha. Nililala nikiwa na kile kiti machoni.

Jumatatu, kabla jua halijatoka, mlango ukagongwa kwa teke.

"Kumbe Mamba alizaa mbuzi," sauti ikasema. "Angalia ile ndevu."

Alikuwa Tata Mwansa, mzee mfupi, koti refu mpaka magotini, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Kamio ilikuwa imevunjika ekseli njiani, wakalala porini, na kutoka sokoni iliposhushia mizigo alikuja kwa miguu na fungu la samaki wakavu begani.

"Samaki ananuka tangu kule njiani Kasenga," mama akajibu kutoka ndani. Tangu maziko sikuwa nimemsikia akisema kwa sauti ile.

Nikamwambia Tata Mwansa habari ya kazi, ya king'ora, ya karani. Nikamwomba anyoe upesi. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaomba chai. Akanywa. Akaomba maji ya moto, kikombe cha bati, na kiti. Kutoka kwenye mfuko akatoa brosi ya manyoya, kipande cha sabuni nyeupe kilichofungwa kwa kitambaa, na wembe wa kukunja wenye mpini wa pembe.

"Tata, nitachelewa."

"Baba yako alikula bandugu yangu bote mu Mweru, hakuchelewa hata siku moja. Weye kaa."

Watu husema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Wanaisema kama onyo. Lakini shika maana yake ya kwanza pia, kwa sababu ndiyo aliyonifundisha yule mzee: maji kwanza. Alichovya taulo katika maji ya moto, akaikamua, akanifunika uso mpaka nikaona giza la joto. Kidevu kililegea. Kisha akazungusha brosi ndani ya kikombe, polepole, povu likapanda zito kama maziwa ya ng'ombe yanayotaka kumwagika. Akanipaka kwa kuzungusha, akiinua kila unywele usimame. Akaunoa wembe kwenye mshipi wake wa ngozi, mbele na nyuma, mbele na nyuma, king'ora cha kwanza kikilia huko kiwandani. Hakugeuza hata shingo.

"Ukilia, mitakukata sikio," alisema, akavuta ngozi ya shavu kwa kidole gumba.

Sikuahidi kitu. Wembe ulishuka ukifuata njia ya ndevu, ukatoa sauti ndogo kama panya anayetafuna karatasi. Alikuwa akimtukana baba wakati wote: tumbo lake, deni lake la tumbaku, namna alivyocheza dansi kama bata. Uani watu walikuwa wameanza kukusanyika, wakicheka. Mimi machozi yalishuka ndani ya povu, naye akayanyoa pamoja na ndevu, sikio akaliacha.

Alipomaliza shavu la kulia, akanipa wembe.

Baba mdogo akashangaa. "Munungwe, unamuachia nusu?"

"Nusu ya kilio nilishamaliza," alisema Tata Mwansa. "Hii yenye inabaki iko ya kazi. Ya kazi ananyoa mwenyewe." Akainua kidevu chake, akanionyesha kovu jeupe chini ya mdomo. "Baba yako ndiye alinifundisha, kule kambini ya watu wa tanuri. Alinikata hapa, akacheka mpaka usiku. Nilingoja miaka yote nione mutoto yake anajikata."

Nikashika wembe. Akanishika mkono kwa chini. "Usisukume. Weye unauongoza tu. Vuta ngozi. Legeza kiwiko." Nikapita mara ya kwanza, nikafuta povu kwenye taulo, nikapita tena. Kwenye pembe ya taya nikakazana, nikajikata. Damu ikatoka kidogo, na uwanja mzima ukapiga makofi. Tata Mwansa alicheka akikaa chini, akijipiga magoti, na katika kucheka kwake nilimsikia baba. Nilipomaliza, akanibandikia kipande cha karatasi kwenye jeraha. Nikakimbia.

Nilichelewa. Kwenye kile kiti cha dirishani alikuwa amekaa yule mwingine, uso wake laini, kalamu mkononi. Karani mkuu alinitazama, akaona karatasi yenye damu.

"Ulikuwa na kilio?"

"Ndiyo, muzee. Munungwe alifika leo tu."

Alishusha pumzi. "Kiti kilishaenda. Kuko nafasi mu banda ya mizigo, kama unataka."

Nikaichukua. Nilibeba magunia miaka mingi kabla sijashika kalamu, na mgongo wangu unajua hivyo mpaka leo. Lakini jioni ile niliporudi nyumbani, mama alikuwa amenyolewa kichwa, kitambaa cheusi kimetolewa, amefunga kikwembe chenye maua. Alikuwa anasonga bukari, ugali wetu, samaki wa Kilwa wanachemka, na Tata Mwansa mlangoni anaulizia kama Mamba alimwachia mke huyo au mwiko tu. Mama akacheka mpaka akaacha kusonga. Kiti gani, mwanangu, kingenunua kicheko kile?

Basi nasaha zangu ni hizi. Uso wako unyoe kwa maji ya moto, kwa povu la kutosha, na bila kusukuma. Ngozi iliyoharakishwa hulipiza kisasi. Kazi ikikuita, itikia. Lakini kuna mambo ambayo si yako peke yako, hata yakiota kwenye kidevu chako, na hayo uyaache mikononi mwa wanaostahili, ujapokawia. Wahenga walisema kawia ufike. Nami naongeza: unaweza kufika umechelewa, na bado ukawa umefika kunakostahili. Na ukipata aliyekutangulia kushika wembe, kaa, umruhusu akufundishe, hata akikutukana.

Mungu akupe mkono mtulivu na watu wa kukucheka ukijikata. Akupe pia, siku yangu ikifika, munungwe mwenye mdomo mrefu wa kunitukana vizuri. Nenda kwa amani, mwanangu.