Kisomo cha Daktari Aliyechoka

Nakumbuka alasiri moja nyumbani kwetu Kikwajuni, mwanangu, nilipoangua kilio mbele za watu huku nimemfunga jirani yetu, Bi Zuwena, kipimo cha presha mkononi. Nilikuwa daktari wa mafunzo, ndio kwanza nimetoka chuo. Nilikesha wodini, nikashinda wodini, nikarudi nyumbani nikawakuta majirani wamejaa barazani wakinisubiri niwatazame. Nani angethubutu kuwarudisha? Ujirani! Basi nikaanza kupima, na machozi nayo yakaanza, yasikatike.

Mama hakuuliza nimelala lini. Alisema nimepigwa kijicho, na jini kanipanda. Mtoto wa watu kawa daktari, mtaa mzima unamtazama, kwa nini asihusudiwe? Akafukiza ubani, akamwita Maalim Haji, mzee aliyekuwa akisomea watu, aje anitoe jini. Nami, na elimu yangu yote, nikakaa mkekani kungoja kutolewa jini! Mpaka leo nikikumbuka naudhika.

Maalim aliitikia shikamoo yangu, akanitazama sana machoni. Msahafu hakuufungua.

"Mwanangu, mara ya mwisho umelala lini?"

"Sikumbuki, Maalim."

"Na mkubwa wako wa kazi anajua?"

"Akiniuliza, nnamwambia nnaweza."

Akamgeukia mama kwa hasira. "Zima huo ubani, Bi Asha. Mtoto huyu hana jini, ana usingizi. Na hao walioko nje waende zao, hospitali iko wazi." Kisha akanirudia mimi. "Na wewe muongo. Huwezi, unasema unaweza. Kesho ukimpiga mtu sindano siyo, utasema jini?"

Nililala mpaka adhuhuri ya siku ya pili. Nilipoamka nikaenda kwa mkubwa wangu, nikamwambia siwezi. Akanijibu kwamba wao nao walipita humo humo, na mvumilivu hula mbivu. Haya basi! Mtu katumbukia shimoni kavunjika mguu, ndio shimo lisifukiwe? Alinung'unika weee, lakini zamu akazipunguza.

Leo nasikia nyinyi madaktari vijana mnajifungia chooni mkalia, mkanawa uso, mkarudi kwa wagonjwa. Mkiulizwa, hamjambo. Mnanichosha! Mficha maradhi kifo humuumbua, na maneno hayo ni nyinyi mnaowaambia wagonjwa kila siku.

Sikiliza, mwanangu. Ukichoka sema umechoka, tena umwambie anayepanga zamu, usiuambie mto. Ukiona kuishi kwenyewe kumekuwa mzigo, usingoje kupambazuke. Mwamshe mtu, na umwone daktari wa akili kama unavyowapeleka wenzio. Na utakapokuwa mkubwa wa wodi, akija kijana akakwambia hawezi, mwache akalale. Usimsimulie ya kwako.

Mwenyezi Mungu akulinde wewe kwanza, ndipo awaponye watu kwa mkono wako. Amin.