Khanga ya Mama Zuhura

Filamu yangu ya marafiki wawili wasio na makazi tuliipiga kwa kamera ya kuazima, nikaiongoza na kuigiza mwenyewe. Naijivunia hadi leo, ila kuna hili.

Mchana mmoja pale stendi ya Nangurukuru, nikiwa nimevaa matambara yangu ya kuigizia nikisubiri kamera, Mama Zuhura, muuza chapati, aliniletea chai.

“Kunywa, mwanangu. Leo utalala kwangu.”

Badala ya kusema ukweli, nikajisifu moyoni: kumbe naigiza vizuri hivi! Nikaongeza na kikohozi. Akavua khanga yake, akanifunika.

Mara mpiga picha wangu akaita, “Dairekta, gari lako liko tayari!”

Mama Zuhura akalitazama gari, kisha matambara yangu.

“Umeigiza vizuri,” akasema. “Sasa nipe khanga yangu.”